Kilima Alikozaliwa Mzee Herménégilde

Marehemu Mzee Herménégilde Bigirindavyi alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 mkoani Bururi, Burundi, kwenye kilima chenye chemchemi mbili, upande wa machweo wa kanisa la misheni. Jina la kilima hicho hatukulichapa. Tutaeleza kwa nini.

Alisoma shule ya msingi hapo misheni, kisha chuo cha ualimu ambacho hakukimaliza. Mwaka 1972 mauaji yalimkimbiza hadi Kigoma akiwa na shati moja. Watu wa vilima vile walitawanyika, na waliohamia wakaviita majina mengine.

Huko Kasulu alifundisha watoto wa wakimbizi, na tarehe 18 Agosti 1979 akamwoa Benedicta. Walifika Stockholm mwaka 1994. Kwa miaka ishirini na moja alihudumia wazee waliopoteza kumbukumbu katika nyumba ya wazee huko Farsta, na alisema ndiko alikojifunza kuuliza bila haraka.

Alipostaafu mwaka 2018 alianza kukusanya majina ya vilima hamsini na viwili vya kwao, pamoja na maana zake, kwa ajili ya ramani ya kihistoria. Shahidi, yaani mtu yeyote wa vilima vile, akija nyumbani kwetu Hallonbergen, baba alimpangia viazi mezani viwe vilima, akamwomba atembee kwa kidole kutoka kwao hadi kanisani, akitaja kila anapopita. Mama alilalamika kwamba hana cha kupika, Burundi yote iko mezani. Jina halikuandikwa mpaka litajwe na watu wawili wasiokaa pamoja, na ilikuwa mwiko kumtajia shahidi kwanza. Mwenda pole hajikwai, alituambia.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Vilikuwa vimebaki vilima vinne, kimojawapo chake mwenyewe. Shahidi pekee tuliyemjua wa kilima hicho alikuwa Mzee Ephraim wa Kigoma. Mimi Colombe, binti yake ninayewasomea wasifu huu, niliona siku zinaisha, nikampigia simu bila ruhusa. Nikamuuliza kama kilima chao si kinaitwa hivi, nikalitaja jina. Akaitikia ndiyo, ndiyo, mwanangu. Nilikimbilia hospitali kwa furaha. Baba akafumba macho.

“Colombe, umemlisha jina.”

Nikamsihi aliandike tu, kwani yeye si alizaliwa pale?

“Mimi ni shahidi mmoja. Tafuta mwingine.”

Mzee Ephraim alifariki mwezi Septemba. Baba alimfuata tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa amenishika mkono. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ameacha mjane, Benedicta. Watoto, Colombe na Bruce. Na wajukuu watatu, waliomjibu kwa Kiswidi naye akaendelea kuwauliza kwa Kirundi.

Ndugu zangu mliofika leo, nawaomba kwa machozi: kama umezaliwa pale, au mama yako alizaliwa pale, usiondoke. Viazi viko mezani, ukumbini. Usiniulize jina, maana siwezi kukosea mara mbili. Tembea kwa kidole, unitajie wewe.

Apumzike kwa amani baba yetu, mzaliwa wa kilima cha ………………