Mwalimu Bartolomeo Kibwana, Aliyeulizwa Hali Mara Mbili

Mwalimu Bartolomeo Kibwana, tunayemlaza leo katika ardhi ya Masaki, Kisarawe, alizaliwa kijijini hapa tarehe 14 Machi 1909, mtoto wa pili wa Mzee Kibwana Mwinyijuma na Bi. Tatu binti Husseini. Wazazi wake walimwita Maneno. Jina hilo halikumkaa vizuri, kwa kuwa alikuwa mtoto wa sauti ndogo na adabu nyingi. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka siku banda la jiko la mama yake liliposhika moto, akatumwa mbio kwa bibi yake, Mwanamkuu, kuita watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za kwenu?"

"Nzuri."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na baba?"

"Hajambo. Bibi, jiko linaungua."

Jiko liliteketea lote. Kwa miaka mingi vijana wenzake walipokutana naye njiani walimtania, "Maneno, jiko halijambo?" Naye alicheka akajibu, "Halijambo."

Alianza shule ya misheni mwaka 1921, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1924 kwa jina la Bartolomeo. Alihitimu ualimu mwishoni mwa mwaka 1929, na Januari iliyofuata akapangiwa shule ya Ruvu. Masika mto ulipojaa na watoto wa ng'ambo wakashindwa kuvuka, alisimama ukingoni akawasomesha hesabu, nao wakamjibu kwa pamoja kutoka upande wa pili. Watu wa Ruvu walisema hizo ndizo siku pekee walizomsikia akipaza sauti.

Tarehe 8 Oktoba 1938 alifunga ndoa na Redempta, binti wa Mzee Lucian wa Kibaha. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Septemba 1949 Mwalimu alisafiri kwa meli kwenda Uingereza, kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha huko. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kiingereza waliojiandaa kuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Alikuwa wa kwanza kutoka wilaya yetu, na alielezwa wazi kwamba akimaliza mkataba wake vizuri, nafasi hiyo itaendelea kupewa walimu wa huku. Akishindwa, itafungwa. Neno hilo alilibeba kifuani muda wote.

Walimu wa kigeni, yaani yeye, mwenzake wa Kihausa na mwingine wa Kimalei, walifundishia katika chumba cha chini ya jengo, ambamo zamani viliwekwa vitabu vibovu, na moto wa kuota haukuwashwa humo. Mwalimu Mwingereza akiugua, alituma salamu tu kwamba haji, na kazi yake ilimngoja apone. Mgeni hakuwa na likizo ya ugonjwa. Akikosa vipindi bila daktari wa chuo kuthibitisha kwamba ni mgonjwa, mkataba ulivunjwa na akarudishwa kwao.

Majira ya baridi ya mwaka 1950 Mwalimu alianza kukohoa. Alikwenda kwa daktari wa chuo. Daktari akamuuliza, "Hali yako vipi, Bwana Kibwana?"

"Nzuri sana, daktari, ahsante. Na wewe hujambo? Watoto hawajambo?"

Daktari alifurahi sana. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumuulizia watoto wake. Mwalimu alingoja aulizwe tena, kama tunavyoulizana sisi baada ya salamu kwisha, lakini daktari alikwisha kuandika kwamba mtu huyu ni mzima, afundishe. Baada ya Krismasi alikwenda tena, na mambo yakawa yale yale. Akarudi chumba cha chini, akaendelea kufundisha huku ameshika meza.

Darasani alikuwamo binti mmoja, Edith Farrow, aliyekuwa akisomea uuguzi. Mwanzoni mwa masomo Mwalimu alimwamkia, "Hujambo?" naye akajibu, "Kichwa kinaniuma." Mwalimu akamsahihisha kwa upole: "Hapana, dada. Salamu ina haki yake. Sema kwanza sijambo, kisha tutakililia kichwa chako pamoja." Darasa zima lilicheka, na binti yule hakulisahau somo lile. Alipomwona Mwalimu anashikilia meza asianguke, alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, daktari alikuuliza hali mara ngapi?"

"Mara moja kila nilipokwenda."

"Nawe ulimjibu nini?"

"Nilimjibu salamu yake."

Edith alimshika mkono, akampeleka mwenyewe.

"Daktari, muulize tena."

"Nimemuuliza mara mbili baridi hii. Anasema ni mzima."

"Hizo zilikuwa salamu mbili. Sasa muulize habari za mwili wake."

Daktari aliweka kalamu chini, akauliza. Mwalimu aliitazama kofia yake mikononi. Baadaye alimsimulia mkewe kwamba wakati ule alijiona akirudishwa kwao kabla ya mkataba kwisha na nafasi ya wenzake wa Kisarawe ikifungwa, na aliona pia watoto wake. Akasema, "Daktari, kifua kinaungua."

Pafu la kushoto lilikuwa limejaa maji. Alilazwa mpaka miti ilipochipua. Mwenzake wa Kihausa alikuja kumtazama, akamwambia, "Ndugu yangu, wewe ungekufa huku ukisema sijambo." Daktari, kwa aibu ya kweli, alikwenda mwenyewe kwa wakuu wa chuo kuwaeleza, na kuanzia mwaka ule walimu wa kigeni wakapewa likizo ya ugonjwa sawa na Waingereza, na moto ukawashwa chumba cha chini. Mwalimu alimaliza mkataba wake. Baada yake wamekwenda walimu wawili wa pwani, na mmoja yuko huko hadi leo.

Alirejea Juni 1952, akafundisha Kibaha. Pafu lile halikupona sawasawa. Tangu hapo Bi. Redempta aliweka desturi nyumbani ya kumuuliza hali mara mbili kila asubuhi, na watoto wakaizoea.

Asubuhi ya tarehe 17 Juni 1958, Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, viatu vya shule viko mbele yake.

"Umeamkaje, baba Kristina?"

"Sijambo, mama Kristina."

"Nakuuliza tena."

"Nimechoka."

"Basi leo huendi shuleni."

"Na ruhusa nitapewa na nani?"

"Mimi nimekupa."

Alicheka kile kicheko chake kidogo, akajilaza ubavu wa kulia. Saa nne Kristina alipompelekea uji, alikuwa ameshatutoka.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Redempta, watoto watatu, Kristina, Lucian na Tatu, dada yake, Bi. Sikuzani, na wanafunzi aliowafundisha Ruvu, Kibaha na ng'ambo ya bahari. Viatu vyake bado viko pale alipoviweka. Bi. Redempta ameomba visiondolewe kwanza.

Ruhusa aliyopewa na mkewe, Mungu ameikubali. Apumzike, Mwalimu wetu, na kifua chake kipoe.