Kwaya Mbili Msibani Kagoma

Katika Hiace iliyotoka Muleba, mama mmoja mwenye rozari shingoni alimgeukia mzee aliyekaa kando yake. "Baba, nimetoka kuzika Kagoma na hasira! Marehemu Mlutheri, mumewe Mkatoliki. Kwaya mbili zikaimba kwa mpigo, hakuna iliyokubali kuipisha nyingine. Ndizi zimelala jikoni hazijamenywa, kila upande unawaachia wenzao wapike. Watoto wa marehemu wameshinda njaa! Huo ni Ukristo?"

Mzee akatikisa kichwa. "Aibu, mama. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwaya yetu, sauti ya kwanza."

"Si ungeacha kuimba, ukamenye?"

"Niache, halafu Walutheri watushinde?"

Gari liliposimama kituo cha Kashai, mama alishuka akiwa bado anafoka. Kweli, sauti anayo.