Shangazi Plagi na Taa ya Jirani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi Plagi. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua moyo. Shangazi Plagi, fundi cherehani, mwenye betri.

Betri yenyewe ilikuwa ya gari, aliyoachiwa na marehemu mumewe, dereva wa lori. Umeme ulipozidi kukatika, Shangazi alinunua inveta, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa betri ukawa kama wa ukutani. Siku ya kwanza akachomeka pasi. Inveta ikalia, ikazima. Akamwambia binti yake, "Pasi ni mlafi. Tumkaribishe taa." Tangu hapo ilikuwa taa ya mezani tu, na cherehani ya miguu.

Sasa sikilizeni. Jioni moja ya mvua, umeme umekatika, Shangazi anashona gauni la bibi harusi. Harusi ni kesho. Akaingia mkunga, amelowa chapachapa. Mama wa nyumba ya pili amejifungua. Mtoto mzima, lakini mama amechanika, damu inamtoka. Barabara ya hospitali imejaa maji. Lazima ashonwe palepale, na tochi ya simu haitoshi.

Binti anasema mama yake aliinuka papo hapo. Alichomoa taa, gauni likabaki na mkono mmoja. Betri wakaibeba wawili, yeye na mkunga. Inveta Shangazi akaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe, akaifunga mgongoni kama mtoto. Kule chumbani aliishika taa mpaka mkunga alipofunga uzi wa mwisho. Damu ikakata. Betri nayo ikakata.

Mama yule yu hai mpaka leo. Mtoto wake sasa ni mwalimu.

Na bibi harusi? Aliolewa amevaa gauni la kuazima, akamnunia Shangazi kwelikweli. Jana alituambia kwa simu: "Nilipokuja kujifungua mimi, ndipo nikaelewa. Nikaenda kumwomba radhi. Alicheka tu, akaniuliza kama bado naudai ule mkono wa gauni."

Kwa binti yake na wajukuu, poleni sana. Tunalia nanyi, na tunashukuru kwamba mlituazima mama yenu.

Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: jirani akibisha hodi tukiwa na shughuli zetu mkononi, tunainuka?

Asante, Shangazi. Pumzika.