Mama Kitambaa Hakuharibu Jiwe la Mtu

Ndugu, jamaa na majirani, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kitambaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa tano wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, akaishia hapo kwa sababu bibi, mama yake mzazi, aliugua na yeye ndiye aliyebaki kumuuguza. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa kitinda mimba.

Mwaka 2004 alianza kazi ya usafi katika nyumba za watu, na huko akayajua mawe ya kaunta za jikoni kama alivyowajua wanawe: graniti aliidondoshea maji, akiona yanazama anaipaka dawa ya kuziba vinyweleo, kwatzi, lile jiwe la kutengenezwa kiwandani, hakukubali itwishwe sufuria ya moto, na marumaru aliifuta kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa, akituambia kwamba marumaru ni bi harusi, ukimrushia ndimu atanuna mpaka mtondogoo.

Hapa mjomba alinishauri nisome tu kwamba aliacha kazi kwa hiari. Shikamoo mjomba, lakini hakuacha, alifukuzwa. Jumamosi tarehe 14 Agosti 2021, katika nyumba aliyokuwa akisafisha, baada ya wageni kuondoka, kaunta ya marumaru ilikutwa na miviringo saba iliyofubaa, mwenye nyumba akasema Mama ameimwagia dawa ya choo, Mama akachukua glasi mojawapo ya zile walizonywea maji ya ndimu, akaiweka juu ya kila mviringo, ikakaa sawasawa mara zote saba, akauliza dawa ya choo imejifunza lini kuchora duara. Jibu alilopewa lilikuwa kuonyeshwa geti, na mtaa mzima ukamwita mharibifu, asipate tena nyumba ya kusafisha, nami nikaachia masomo kidato cha pili.

Januari 2024 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na wiki ya mwisho alituomba jambo moja, kwamba ukweli wa miviringo ile usemwe mbele ya watu, wala usinong'onwe jikoni. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani mliotuchotea maji na kutupikia, na wafanya usafi wenzake mliokuja na sare zenu za kazini mkiwa mmepewa ruhusa ya saa mbili tu. Mwenye nyumba ile naye tunamshukuru kwa kufika, tumempa kiti cha mbele kwa heshima, na amesikia.

Mama, hukuharibu jiwe la mtu. Sasa pumzika, amani hii ni haki yako.