Viatu Viwili vya Kushoto

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ya kupima kwa kijiko na sitaki kuimwaga kwa kuita watu walioko mlangoni. Kifunguamimba, weka hiyo simu. Wewe wa kati, nipandishie mto kidogo, hapo hapo, basi. Na wewe kitinda mimba wangu usianze kulia, bado sijasema la kuliza, ukianza sasa utamaliza machozi kabla ya wakati wake. Nataka niwe nimemaliza kabla ya saa tisa. Kwa nini saa tisa, mtajua.

Siku hizi naishi nusu hapa na nusu kule. Nikifumba macho nauona uwanja, chokaa nyeupe juu ya udongo mwekundu inazunguka na kuzunguka, na mimi nakimbia bila kuhema, miguu haigusi chini, na mbele yangu kuna mgongo wa mwanamke mrefu ambaye simfikii. Nikifumbua naiona dari hii na yale madoa ya mvua ambayo kifunguamimba aliahidi kuyashughulikia mwaka juzi. Zamani nilikuwa najua ipi ni ndoto na ipi ni dari, sasa naziacha zichanganyike tu, sina nguvu ya kuzitenganisha. Lakini ninayowaambia leo si ya ndotoni. Ushahidi wake uko chini ya kitanda hiki.

Kwanza mali, ili mioyo yenu itulie mnisikilize vizuri, maana nawajua. Nyumba ni yenu nyote watatu na isiuzwe hata mkigombana, na mtagombana. Karakana ya viatu pale mbele, pamoja na cherehani ya ngozi na ile miguu ya mti ya babu yenu ya kuvalishia viatu wakati wa kuvitengeneza, ni ya binti yangu wa kati, kwa sababu ndiye aliyekaa kwenye kile kigoda miaka kumi na sita akinusa gundi wakati nyinyi wawili mkipita kusalimia tu. Usikunje uso, kifunguamimba, nakuona. Wewe una shamba, lilime. Kitinda mimba, chukua chumba cha uani, redio, na nguo zangu zote za kabatini, hata zile unazosema zimepitwa na wakati. Haya, mali imekwisha. Mlidhani ni nyingi?

Limebaki kombe. Lile lililo juu ya kabati, ambamo mnaweka funguo, kalamu zisizoandika na kadi zangu za hospitali. Mmekua mkiwatambia wenzenu kwamba mama yenu ndiye aliyemshinda Twiga. Na Twiga mnamjua, yule mama mrefu, dobi mstaafu wa hospitali, anayekaa mtaa wa tatu kutoka hapa, ambaye niliwakataza kumsalimia, mkawa mkimwona mnavuka barabara. Niliwaambia ni mwovu. Niliwaambia kwamba siku ya mbio alinibadilishia kiatu ili nishindwe, nami nikakimbia peku na nikamshinda hivyo hivyo. Kifunguamimba ameshaandika wasifu wangu utakaosomwa siku ya kunizika, nimemsikia akijifunza kuusoma sebuleni kwa sauti ya mtangazaji, na hadithi hiyo imo, tena imerembwa. Wanangu, hadithi hiyo ni ya uongo, na mwongo ni mimi.

Nisikilizeni ilivyokuwa. Babu yenu, fundi viatu, alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakutengeneza kiatu kimoja akaja kwenye mwenzake. Alitundika mguu wa mti wa kushoto, akabandika soli za viatu vyote vya kushoto vya wiki nzima, kisha akatundika wa kulia akabandika vyote vya kulia. Alisema mkono ukizoea upande mmoja haukosei. Kwa hiyo karakana ilikuwa na rafu mbili, ya juu ya viatu vya kushoto, ya chini ya viatu vya kulia, na ndani ya kila kiatu, chini ya ulimi, aliandika namba ya mteja kwa chaki, ili jioni ya kuamkia siku ya kuchukua avikutanishe. Viatu vya watu vilikaa wiki nzima vimetengana kama watu waliokosana. Mimi mwenyewe nilikuwa sivai viatu, nilikulia peku kwenye karakana iliyojaa viatu, hata wateja walinicheka. Raba zangu nyeupe za kukimbilia ndizo zilikuwa viatu vyangu vya pekee.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, baba yenu bado hajanitokea. Kila mwaka mji wetu ulikuwa na mbio za wafanyakazi, mizunguko minane, na kila kazi ilitoa wakimbiaji wake, hospitali, posta, kiwanda cha sabuni, na sisi mafundi wa sokoni. Miaka mitatu mfululizo Twiga alikuwa akiniacha. Angekuwa ananiacha mbali ningekubali nikapumzika, lakini ananiacha hatua mbili, ananiacha hatua tatu, mpaka nikawa naijua mishono ya mgongoni mwa fulana yake kuliko ninavyoijua sura yangu. Jamani, nilimchukia! Alikuwa anakuja mwishoni kunishika mkono, anasema, "Mwakani, mwenzangu," na mimi naona ananikejeli.

Mwaka wa nne nikaapa. Asubuhi ya mbio nilichelewa kuamka, nikaingia karakana mbiombio. Baba alikuwa ameniwekea soli mpya. Nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikachukua raba mbili nyeupe, nikazitia mfukoni bila kuziangalia, huyo nikatoka. Uwanjani tulimwachia Twiga mifuko yetu atulindie, kwa kuwa alifika wa kwanza na kila mtu alimwamini. Tulipoitwa tujipange, nikakaa kwenye nyasi nivae. Cha kwanza kikaingia. Cha pili kikagoma. Nikakigeuza, nikakisukuma, nikakitazama. Viatu viwili, vyote vya kushoto.

Mngenisikia nilivyopiga kelele. Nilisema, mbele ya uwanja mzima, "Twiga amenibadilishia kiatu!" Halikutoka kinywani kwa kufikiri, lilitoka lenyewe, miaka mitatu ilikuwa imelisukuma. Watu wakaguna. Mtu akasema, ndiyo, mifuko ilikuwa kwake. Basi, ikawa.

Twiga alikuja akainama, akakiokota kile cha pili, akatazama ndani chini ya ulimi. Na raba zake mwenyewe zilikuwa zimetoka kwa baba wiki ile ile, rafu mbili alishaziona kwa macho yake, namba za chaki alishaziona. Alielewa pale pale, kabla yangu. Angekiinua tu kile kiatu, akasoma ile namba kwa sauti, mji ungenicheka mpaka leo. Aliinua macho akatazama kwenye uzio, ambako baba alikuwa amesimama, kofia mkononi. Kisha nikaona kidole gumba chake kinapita ndani ya kiatu, taratibu, mara mbili. Akanirudishia. Halafu akaketi karibu yangu, akafungua kamba za raba zake, akazivua zote mbili, akazipanga kando kwa adabu kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu.

"Basi tukimbie peku sote wawili," akasema. "Amka, mwenzangu. Tunachelewa."

Nyayo zangu mimi zilikuwa ngumu, changarawe zilikuwa ndugu zangu. Zake zilikuwa za dobi, zilizolowa maji ya sabuni kutwa nzima, laini. Kufikia mzunguko wa tano chokaa ilikuwa na alama nyekundu, nikazikanyaga, nikajua ni nini, nikaongeza mwendo. Nilimpita mwishoni kabisa, nikashinda kwa hatua mbili. Alikuja anachechemea kunishika mkono, na mimi nikauficha mkono wangu nyuma. Hiyo bado naiona, nikifumba macho na nikifumbua.

Nikaenda nyumbani na kombe. Nikaingia karakana. Kwenye rafu ya chini, raba yangu ya kulia ilikuwa inanisubiri, imetulia, na pembeni yake raba ya kulia ya muuguzi mmoja ambaye cha kushoto chake nilikuwa nacho mfukoni. Nikakitoa, nikatazama chini ya ulimi. Namba ilikuwa imefutwa, limebaki vumbi jeupe na alama ya kidole. Nikakaa chini. Baba akaingia, akatazama rafu, akanitazama mimi. Akasema tu, "Jumatatu utaenda kwake."

Sikwenda. Jumatatu wateja walijaa mpaka barabarani, kila mtu anataka kiatu chake kiguswe na bingwa. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo hospitali ikamwondoa Twiga kwenye timu yake, nikasikia, nikaendelea kupiga misumari. Hakukimbia tena. Kazini wakamwita Mbadilisha Viatu, miaka na miaka, mbele ya watoto wake. Neno langu moja lingetosha. Nililimeza kila siku, miaka arobaini na mitatu, na kombe likalisha karakana, karakana ikawalisha nyinyi. Raba yangu ya kushoto niliitupa. Ya kulia ilinishinda kuitupa. Wewe wa kati, vuta lile bati la biskuti chini ya kitanda. Lifungue. Eeh. Ndicho hicho.

Nipeni maji. Kidogo, kidogo.

Sasa saa tisa. Mnadhani sijui. Mnanipa dawa saa nane mchana, nikishafumba macho binti yangu wa kati anafungua mlango wa uani kimyakimya, mtu anaingia ananikanda miguu. Wiki ya kwanza nilidhani ni ndoto ya uwanja. Mikono mikubwa inaanzia kisiginoni, inakamua mpaka vidoleni kama inavyokamua shuka, na chumba kinanuka sabuni na pasi. Nikasema moyoni, hii ndoto ina harufu. Kisha siku moja ikazungumza. Ilidhani nimelala, nami nikajifanya nimelala, maana mbio naziweza lakini uso wa mtu yule siuwezi. Ikasema, "Baba yako alikuwa amesimama pale kwenye uzio na kofia yake, viatu vya nusu ya mji viko kwake. Ningeisoma ile namba, wangesema anachanganya viatu vya wateja, nani angempelekea tena kiatu? Nilijua wewe utakuja mwenyewe Jumatatu. Ulipokosa, nikasema basi Jumatatu ya pili." Ikacheka kidogo. Ikaendelea kukanda. Wanangu, nililia ndani kwa ndani, machozi yakawa yanaingia masikioni, na mwenyewe akayafuta kwa kona ya khanga akidhani ni jasho.

Kwa hiyo shikeni haya. Kifunguamimba, chukua kalamu, siyo za kwenye kombe, hizo haziandiki. Ule wasifu, futa pale penye mbio. Andika kwamba mama yako alichukua viatu viwili vya kushoto kwa mkono wake mwenyewe, akamsingizia mtu, na huyo mtu alivua vyake akakimbia naye peku. Uyasome hayo siku ya kunizika, mbele ya watu wote, umesimama, kwa sauti ile ile ya mtangazaji. Usilainishe. Usiweke "inasemekana." Twiga akae mbele, kwenye viti vya familia, mumwite mama mkubwa, na wanawe mkawashike mkono mmoja mmoja. Najua mtaona haya. Haya hiyo ni yangu, lakini siku hiyo mimi nitakuwa nimelala na nyinyi ndio mtakaosimama nayo, na kwa hilo nawaomba radhi, wanangu. Kombe ni lake. Toeni hizo funguo, lisugueni mpaka ling'ae. Na kiatu hiki apewe pia, yeye atajua.

Mimi msinivike viatu. Fundi viatu gani huyo, watu watauliza. Waacheni waulize. Nataka nifike peku.

Ngoja... sauti inaniacha. Njooni mniwekee vichwa mkononi. Mungu awape usingizi mwepesi, ambao mimi sikuupata. Awape rafiki mrefu kuliko nyinyi. Sameheni haraka, na mkikosea mwende, siku hiyo hiyo mwende, hata kama... hata kama wateja wamejaa mlangoni...

Nyamazeni. Mnasikia? Uani. Mguu mmoja unaburuza, kile kisigino kilichopasuka siku ile hakikupona vizuri. Mwambieni leo asipitie uani. Fungueni mlango wa mbele, upana wake wote, majirani wamwone anaingia. Dawa leo sikuimeza, iko chini ya mto. Nipandisheni. Zaidi. Nataka macho yangu yawe wazi.

Leo ni siku gani? Jumatano? Haya.

Mwambieni... mwambieni Jumatatu imefika.