Mgema Aliyekataa Kuonja

Bwana asifiwe! Asifiwe yeye anayeinyeshea mvua milima yetu bila kutudai kitu, aliyetuamsha leo tukiwa hai, mimi ninayeandika na wewe unayesoma.

Ndugu zangu, kamwene, ndivyo tusalimianavyo kwetu. Mimi ni mama mzee wa upande wa Kilolo, katika nchi ya Iringa. Kusoma na kuandika nilifundishwa na walimu wa misheni nilipokuwa msichana, na elimu hiyo nimeitumia zaidi kusoma Zaburi. Leo naomba niitumie kumshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu, Zakaria, ambaye hapa kwetu anaitwa Baba Eliza.

Ushuhuda mwingi niliousikia kanisani huanza na mlevi anayelala mtaroni, anayempiga mkewe na kuuza majembe ya nyumbani. Wangu hauanzi hivyo. Mume wangu hakuwahi kuniinulia mkono. Hakuwahi kuokotwa njiani. Alikuwa mgema wa ulanzi, na katika vilima vyetu hapakuwa na mgema wa kumfikia.

Kwa ndugu wa mbali wasioujua ulanzi, nieleze. Mvua zikianza, mianzi hutoa machipukizi. Mgema hukata ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, kisha hutegesha hapo kipande cha mwanzi tunachokiita mbeta, na maji hudondoka humo. Asubuhi na jioni hurudi kuichonga ncha ile upya na kukusanya yaliyodondoka. Yakiwa mapya ni matamu, hata watoto hupewa. Yakikaa huchachuka na kuwa makali, na mtu akiyanywa sana huona milima inatembea. Nasi tulikuwa na usemi wetu, kwamba ulanzi si pombe, ulanzi ni chakula. Ndugu zangu, usemi huo ulikaribia kunifanya mjane!

Mgema mzuri huonja kila mbeta, ili ajue ipi bado tamu na ipi imeiva. Zakaria alikuwa na mianzi mingi, akionja asubuhi na akionja jioni. Tena kwetu kuna desturi ya zamani. Mgeni hapewi kinywaji mpaka mwenyeji anywe kwanza mbele yake, ili mgeni aone hakina sumu. Kwa kuwa ulanzi wa Zakaria ulitafutwa kwenye harusi, kwenye misiba na siku za kulimiana mashamba, yeye ndiye aliyeitwa kuonja kila mahali. Watu walisema, "Akionja Zakaria, kunywa umefumba macho." Nami nilijivuna kusikia hivyo. Kiangazi, mianzi ikikauka, walimwita kuonja pombe ya ulezi. Hakuna aliyemwita mlevi, kwa maana alikuwa akifanya kazi ya heshima.

Ugonjwa ulikuja kwa hatua za kinyonga. Kwanza mikono. Akiamka ilitetemeka hata asiweze kufunga kifungo cha shati, mpaka anywe kidogo ndipo itulie. Tukasema ni baridi ya milimani. Kisha akaacha kula. Ugali aliusogeza pembeni, akisema ameshiba. Miguu ikavimba, tukasema ni kutembea sana. Macho yakawa ya manjano. Mwisho tumbo likajaa likawa gumu kama la mjamzito, huku mabega yakikonda, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa kwa wivu wa ugema wake. Walimletea dawa za mizizi za kila namna, naye alizinywa zote, na kila moja alishushia ulanzi.

Asubuhi moja alitapika damu chini ya mianzi yake mwenyewe. Vijana wa usharika walimbeba kwa machela hadi barabarani, na lori la mkaa likatufikisha hospitali ya misheni. Njia nzima nilimwambia Mungu neno moja tu: Usimchukue bado.

Daktari alimbonyeza tumbo taratibu, akamtazama macho na viganja, akauliza anakunywa nini. Zakaria akajibu kwa heshima kwamba yeye hanywi, anaonja tu. Daktari akauliza anaonja mara ngapi kwa siku. Zakaria akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha, nami nikaona uso wake unabadilika kama mtu anayehesabu ng'ombe jioni na kukuta zizi tupu.

Walimtoboa tumbo kwa sindano nene na maji yakatoka, mengi, ya rangi ya chai nyepesi. Daktari akatueleza kwamba ini lake limejaa makovu kwa sababu ya kilevi, na kwamba ini likifika hapo halirudi kuwa jipya. Akiacha kabisa, lililobaki linaweza kumbeba. Asipoacha, hataona mavuno mengine.

"Nikinywa kidogo tu, daktari?" Zakaria aliuliza.

"Kidogo chako nimekwisha kukijua," daktari akasema.

Siku za kwanza bila kinywaji zilikuwa ngumu kuliko ugonjwa wenyewe. Alitokwa na jasho, akatetemeka mwili mzima, akaniambia niwafukuze nyuki ambao hawakuwapo. Wauguzi walimpa dawa na hawakumwacha peke yake. Daktari alisema tumefanya vema kumleta, kwa maana mwili uliozoea hivyo ukinyimwa ghafla nyumbani, mtu anaweza kushikwa na degedege akafa. Nawaandikia hili mlijue, maana wapo wanaowafungia ndugu zao ndani na kudhani ndiyo tiba.

Siku alipotulia aliniomba nimsomee Zaburi. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na mtu aliyesimama nyuma yangu, "Bwana, mimi sina nguvu ya kuacha. Kama ipo kwako, nipe." Hiyo ndiyo sala yake, fupi hivyo, na Mungu aliisikia!

Tukarudi nyumbani. Mvua zilipokuja machipukizi yakatoka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, hapakuwa na mtu wa kuyakata. Watu walikuja na vibuyu vyao wakarudi navyo vitupu. Wengine walimdhihaki, wakimuuliza kama sasa anagema maji ya kisima. Yeye alicheka pamoja nao. Lakini mimi niliyekaa naye nilijua. Saa ya kugema ikifika mikono yake ilianza kutafuta. Ndipo akaipa kazi nyingine. Alipasua mwanzi mkavu, akajifunza kusuka nyungo. Ungo wake wa kwanza ulipinda kama sikio la tembo. Ninapepetea ule ule hadi leo, na sitautupa. Kila jioni ambayo wengine walielekea kwenye mianzi, mume wangu aliketi mlangoni akifuma na kufumua, kimya, bila kunung'unika. Ndugu zangu, nimewaona mashujaa wakisifiwa kwa mikuki. Mimi shujaa wangu nimemwona na ungo uliopinda.

Ndipo likaja jaribu lenyewe.

Binti yetu Eliza alikuwa ameposwa na kijana seremala, mtu wa Idodi aliyepata kazi Mbeya. Wakapendana vema, na siku ya wakwe kuja ikapangwa. Katika siku hiyo baba wa binti hunywa kwanza, kisha wakwe hunywa, na ndoa imekubaliwa. Baba asipoonja, wakwe husimama wakaenda zao, kwa maana ni kama amewaambia kuna sumu. Hakuna mtu wa kwetu asiyelijua hilo.

Lameki, mdogo wake Zakaria, alikuja mapema akiwa na hofu. Yeye ndiye aliyegema ulanzi wa siku ile kwenye mianzi yake. Alimsihi sana kaka yake. Wazee wawili wa ukoo nao wakamsihi, wakisema Mungu hatamhesabia tone moja kwa ajili ya mtoto.

"Lowesha midomo tu, kaka," Lameki alisema.

"Lameki, midomo yangu haijui kulowa tu."

Mimi nilikwenda jikoni. Nilitaka kuomba, nikashindwa kujua niombe nini, mume au ndoa ya mwanangu. Eliza alikuwa akichuja togwa ya watoto, kile kinywaji kitamu cha nafaka kisicholevya. Alisema bila kuinua macho, "Mama, wakitaka kwenda waende. Baba nilikwisha kumzika mara moja moyoni mwangu. Sirudii." Lakini niliona machozi yakidondokea kwenye chujio.

Wakwe wakafika na mvua. Mshenga wao alikuwa mzee mnene mwenye maneno mengi, ambaye mama yake alikuwa Mgogo, kwa hiyo alikuwa mtani wetu sisi Wahehe. Alianza kututania toka uani. Alisema amepanda vilima mpaka magoti yakamuuliza kama wanakwenda mbinguni, na kwamba akikuta ulanzi wa Wahehe ni maji atapunguza mbuzi mmoja wa mahari. Watu wakacheka. Wakaketi. Lameki akaleta kibuyu, akakiweka mikononi mwa kaka yake, na kicheko kikaisha.

Zakaria alikinusa. Kisha akakiweka chini.

"Wakwe zangu," akasema, "kinywaji hiki amekigema mdogo wangu. Ni kizuri, nakijua kwa harufu. Lakini sikinywi."

Mzee mmoja wa upande wao akashika fimbo yake ainuke. Mshenga akamzuia kwa mkono. Sasa hakuwa na utani tena.

"Mkwe, desturi yenu na yetu ni moja. Asiyeonja anaficha. Unaficha nini?"

Zakaria alisimama, akafungua vifungo vya shati lake kimoja kimoja. Akawaonyesha tumbo, ngozi ile iliyolegea baada ya maji kutoka, na kovu la sindano.

"Sifichi. Hapa ndipo waliponitoboa. Nimewaonjea watu wa nchi hii tangu ujana wangu. Niliwaonjea harusini, niliwaonjea msibani. Mlikuwa mkitaka kujua kama sumu ipo. Ipo. Haiui siku hiyo hiyo, ndiyo maana hatukuiona. Mimi nimekwisha kuonja, mkwe. Majibu yake ni haya."

Mvua ilisikika juu ya nyasi za paa. Mshenga akainuka kwa shida, akamsogelea, akaweka kiganja chake juu ya lile kovu kama mtu anayepima joto la mtoto. Kisha akawageukia wenzake.

"Ameonja," akasema. "Huyu ameonja kuliko baba yeyote niliyewahi kumwendea."

Yule mwenye fimbo akaiweka chini. Na mshenga akarudi kwenye kiti chake, akapangusa uso, akauliza, "Sasa mtatunywesha nini, au tumetoka Idodi kuja kutazama tumbo la Mhehe?"

Nyumba nzima ilicheka, na Lameki alicheka huku akilia. Nikatoka jikoni na ile togwa ya watoto. Zakaria akaipokea, akanywa kwanza mbele yao kama desturi inavyotaka, akampa mshenga. Mshenga akanywa, akalamba midomo. Alisema kinywaji hiki hakimwimbishi mtu, ila angalau ataijua njia ya kurudi kwake. Sitawadanganya, wapo waliokunywa ulanzi wa Lameki siku ile, nao walikuwa wengi. Lakini ndoa ilifungwa kwa togwa, na mume wangu hakuonja tone.

Baada ya miezi michache, yule mshenga alirudi kwetu peke yake, bila utani. Akavua viatu, akamwonyesha Zakaria miguu yake iliyovimba. Aliuliza njia ya hospitali. Zakaria hakumwelekeza kwa kidole. Alichukua koti, akaenda naye.

Leo Eliza na mumewe wanakaa Ilomba, Mbeya, na wana mtoto wa kike. Babu yake alisafiri kwa basi akiwa na ungo mpya magotini, mviringo kama mwezi mpevu, asikubali uwekwe juu na mizigo. Hana nguvu za zamani. Anachoka mapema, chumvi amekatazwa, na kila mara tunarudi kwa daktari. Ini lake halikuwa jipya, kama tulivyoambiwa. Lakini yupo! Na chipukizi likigemwa halikui kuwa mwanzi. Sasa yale tuliyoyaacha yamekua, yanapita paa la nyumba, naye huyakata yakikomaa na kusukia nyungo za nchi nzima.

Ndugu zangu, kama nyumbani mwako yupo anayeonja tu, mtazame macho yake na mikono yake asubuhi. Usimwite mlevi, wala usimfiche. Mpeleke kwa waganga wa hospitali, na njiani mwombee. Na wewe mwenyewe unayeonja, ukiona huna nguvu ya kuacha, mwambie Bwana hivyo hivyo, kwa maneno machache. Alimpa Zakaria, hatakunyima wewe.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia mume wangu. Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana alinde mwili wako na akili yako, atulize mikono yako kila asubuhi, akujalie kuwaona wajukuu wako kwa macho meupe. Amina.