Haukuwa Moshi wa Volkano

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Na ninyi mliobanana pale nyuma karibu na mlango, nawaona. Mzee wa kwaya, leo umevaa shati la njano. Mnacheka? Mimi silicheki shati hilo, namshukuru Mungu kwamba naliona!

Kwa wageni, mimi ni Mama Neema wa hapa Mbugangari, Gisenyi. Nililelewa Tanzania, ndiyo maana mnakitania Kiswahili changu kila Jumapili. Kazi yangu ni karoti. Nazipokea kutoka Busasamana, nazivusha mpaka wa Petite Barrière kwa miguu, nauza Goma, upande wa Kongo, jioni narudi nyumbani. Navuka na rafiki yangu Mwajuma anayeuza vitunguu. Yeye ni Mwislamu, mimi mnanijua, na kwa safari zile tumekuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Macho yangu yalianza kuingia ukungu polepole. Nanyi mnatujua watu wa hapa! Mtu akikohoa, ni moshi wa volkano. Nguo ikichakaa, moshi wa volkano. Na mimi nikasema hivyo hivyo. Mwajuma alinituliza: "We, ni moshi tu. Hata mi inanisumbuaka." Wengine wakanishauri nile karoti. Ndugu zangu, mimi nauza karoti! Kama zingetosha, ningekuwa naiona Kigali nikiwa nimekaa hapa.

Nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi wetu, Beata, alinipa dawa ya matone ya kuosha huo moshi. Nikarudi, akanipa tena. Nilifunga, niliomba, nanyi mliniombea, Mungu awabariki. Lakini ukungu ulizidi, watu wakawa vivuli. Ikafika mahali Mwajuma anafunga ncha ya kitenge chake kwenye ncha ya changu, ndivyo tunavyovuka. Nilijua siku nikiacha karoti nitakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni, na hilo liliniogopesha kuliko kifo.

Siku moja pale mpakani watu walisukumana, fundo likafunguka. Nikabaki katikati ya umati, beseni kichwani. Sikujua Goma iko upande gani, wala Gisenyi iko upande gani! Nilitaka kuita, aibu ikanizuia. Nilimsikia Mwajuma akipita karibu yangu kabisa, akiuliza watu, "Hamukuona mama wa karoti?" Akapita. Akarudi, akapita tena. Nikadhani ni ule msongamano. Mpaka nilipolia kwa sauti, mimi mtu mzima mbele za watu, ndipo aliponifikia. Nilimwambia kwamba mimi na barabara ile basi. Nikakaa nyumbani.

Sasa sikilizeni matendo ya Mungu. Beata alikuwa amechaguliwa kwenda mafunzo ya macho, yeye na wauguzi wengine wa vituo vya huku. Aliporudi, hakungoja nimfuate. Alikuja mwenyewe kubisha hodi kwangu. Akasema, "Mama Neema, ile dawa nilikuwa nakupatia haikuwa ya ugonjwa yako. Sisi tulisoma malaria, tulisoma uzazi, jicho tulikuwa tunatia tu matone. Kule kwa mafunzo walituonyesha picha ya jicho moja, nikaona ni jicho yako. Sikulala muzuri."

Alinikalisha mlangoni penye mwanga, akanifunika jicho moja kwa kiganja, akaniuliza vidole vyake ni vingapi. Akanimulika kwa tochi. Kisha akasema, "Hii si moshi. Ni mutoto wa jicho. Katikati ya mboni, pale inapaswa kuwa peusi, pameingia weupe. Inatokaka kwa operesheni."

Nilitaka kukasirika, ndugu zangu, nasema kweli. Miezi yote ile ya matone! Lakini ni nani mwingine amewahi kunijia nyumbani kuniambia kwamba alinitibu vibaya? Hasira iliisha kabla hajamaliza chai. Na tangu siku ile nimekuwa nikiwaza. Mimi nilimngoja Bwana aje kwa kishindo, niamke asubuhi nione. Kumbe nilipokuwa napiga magoti pale sakafuni, yeye alikuwa amemkalisha Beata darasani, anamfundisha kushika tochi. Maombi yenu hayakupotea, yalikuwa njiani.

Mwajuma alinipeleka hospitali. Niliogopa kisu, lakini walitia dawa ya ganzi na sikusikia maumivu. Kesho yake muuguzi alifungua bandeji. Haleluya! Niliona dirisha. Niliona mikono yangu, imezeeka bila kuniaga! Nikageuka kumtafuta rafiki yangu. Alikuwa amesimama mbele yangu anatabasamu, lakini tabasamu lile alikuwa analielekeza kwenye ukuta, kando yangu kidogo. Nikamsogelea. Katikati ya mboni zake, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe.

Nikakumbuka pale mpakani, alivyonipita, akarudi, akanipita tena. Ndugu zangu, huyu ndiye aliyekuwa ananiongoza! Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akanijibu, "Mi ningesema, nani angekushika?"

Nililia kuliko siku ile ya umati. Nikamshika mkono, nikampeleka kwa Beata.

Yule pale, benchi la tatu, mwenye ushungi wa kijani na jicho lililofunikwa bado. Amekuja kunisikiliza, mkaribisheni. Jicho la pili zamu yake inakuja.

Mungu wangu, asante! Asante kwa waliomfundisha Beata, na kwa Beata aliyerudi mlangoni kwangu. Na wewe unayesema ni moshi, au ni uzee, au ni jirani amekuangalia vibaya, mtumaini Bwana, halafu ondoka hapo ulipokaa. Beata yuko nje na tochi yake, anatungoja tumalize. Kama huioni njia ya kumfikia, shika kitenge changu, bado kina ncha moja. Ile nyingine ameishika Mwajuma.